Nyumba Iliyoitwa Hekalu

Leo nakuomba uvae viatu vigumu na ubebe shanta mgongoni, kwa sababu tunavuka mpaka. Tunakwenda kuziona kuta za mawe ambazo kwa miaka mingi vitabu vya Kizungu viliziita hekalu. Ni safari niliyoifanya mwenyewe mwaka 1996, kutoka Mbesa mpaka kusini ya Zimbabwe, kwa mtumbwi, kwa malori na kwa miguu. Niliifanya kwa sababu ya deni nililokuwa nalo kwa marehemu babu yangu, na deni hilo lazima nikueleze kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Mbesa, wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Asiyeijua Mbesa kwa hospitali yake ya misheni huenda anaijua Tunduru kwa korosho, au kwa simba wake, au kwa vito vilivyowatia watu wazimu miaka ya 1990. Kwetu Wayao mwanamume akioa huhamia kwa wakwe zake, kwa hiyo mimi nilikulia uani kwa babu mzaa mama. Mzee huyo aliondoka nyumbani mwaka 1938, kijana wa kodi ya kichwa, akatembea kupitia Nyasaland mpaka Rhodesia ya Kusini. Huko akafanya kazi katika mgodi mmoja wa asbesto karibu na mji wa Fort Victoria, ambao leo unaitwa Masvingo. Alirudi mwaka 1947 na blanketi tatu, cherehani moja, na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka alipoingia kaburini mwaka 1983.

Babu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Alisema ameona ukuta wenye kimo cha mwembe mkubwa, mnene kiasi cha mtu kulala juu yake na mguu usifike ukingoni, uliojengwa kwa mawe matupu, jiwe juu ya jiwe, bila udongo, bila chokaa, bila saruji. Na ukuta huo, alisema, umesimama tangu zama za mababu wa mababu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Msikilizaji, uelewe kwamba nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, na kila masika yakiisha mtu anakandika upya. Ukuta usio na udongo utasimamaje? Wakampachika jina la Mzee Mawe, na jina likamganda.

Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nauliza. "Na hiyo ilikuwa nini, Babu?" Naye hujibu vilevile kila siku: "Nyumba. Wenyewe wanaiita nyumba."

Mwaka 1970 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na sanduku la vitabu vikuukuu vya enzi ya mkoloni, na kwa kuwa nilipenda kusoma alinikopesha kimoja cha jiografia. Siku moja nikafunua ukurasa, moyo ukanipasuka kwa furaha. Ukuta wa Babu ulikuwa pale, kwenye picha, kama alivyousimulia, jiwe juu ya jiwe. Lakini chini ya picha palikuwa na maneno ya Kiingereza. Nikachukua kamusi ya mwalimu. Neno moja lilikuwa ni hekalu. Maneno mengine yalisema kwamba jengo hilo ni kazi ya taifa la kale lisilojulikana, lililotoka mbali.

Nilikimbia mpaka barazani, ambako wazee walikuwa wanakunywa uji, nikiwa nimekishika kitabu kichwani kama bendera. Nikasema mbele ya wote: "Babu, ukuta upo! Ila umekosea. Si nyumba, ni hekalu. Na waliojenga si Waafrika." Babu alikitazama kitabu, na kwa kuwa hakujua kusoma alikitazama picha tu, kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja: "Aliyeandika haya, aliwauliza wenyewe?" Nikamjibu kwa kiburi cha darasa la sita: "Babu, imeandikwa!"

Mzee mmoja akacheka. Babu akanirudishia kitabu. Tangu siku ile mpaka anakufa, miaka 13 baadaye, sikumsikia tena akisimulia habari za ule ukuta.

Hilo ndilo deni, ndugu msikilizaji. Sasa tufunge safari.

Siku hizi ukitaka kwenda Msumbiji kwa gari unaweza kupita Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Mwaka 1996 daraja hilo lilikuwa ndoto. Kusini ya Mbesa kulikuwa na Ruvuma, na juu ya Ruvuma kulikuwa na mtumbwi. Kiangazi kilikuwa kimeshika, mto umejaa visiwa vya mchanga, na mpiga kafi alituchukua watu watatu, baiskeli moja na kuku sita. Nilihesabu dakika nilizotumia kuvuka: hazikufika 20. Mpaka wenyewe waliuchora Wajerumani na Wareno, kwa makubaliano ya mwaka 1886, na wala hakuna Myao aliyeitwa kwenye meza ile. Ng'ambo nilikaribishwa kwa Kiyao kilekile cha mama yangu. Tulikuwa tumepokea wakimbizi wao wakati wa vita vya ukombozi, kisha tukawapokea tena wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mkataba wa amani uliotiwa sahihi Roma mwaka 1992 ulikuwa bado mbichi. Mwenyeji wangu alinipa onyo moja tu: nisitoke njiani hata kwa haja ndogo, maana mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa bado yanavuna watu. Nilitembea nikikanyaga pale alipokanyaga aliyenitangulia.

Nikapita Mecula, nikapita Marrupa, juu ya malori yaliyobeba mahindi, mpaka Lichinga. Kaskazini ya Lichinga, upande wa Muembe, kuna kilima kisicho na miti, na wazee husema hicho ndicho kilichotupa jina la Wayao. Padri mmoja wa Kianglikana, Myao aliyeitwa Yohanna Abdallah, aliyaandika hayo kwa lugha yetu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1919. Kutoka Lichinga nikashuka Mandimba, nikaingia Malawi, na mpaka Mangochi nilikuwa bado naongea Kiyao. Kisha Blantyre, kisha Tete ambako nilivuka Zambezi, kisha Nyamapanda, kisha Harare, na mwisho basi la Masvingo.

Nilipokuwa Tete nilikumbuka kwamba njia hii si mpya. Mwaka 1616 Mreno mmoja, Gaspar Bocarro, alitoka upande wa Tete akatembea kwa miguu mpaka Kilwa, akiuvuka Ruvuma, safari ya siku 53. Vitabu vingine vinamwita mvumbuzi wa njia. Lakini fikiri mwenyewe: mgeni hatembei siku 53 katika pori asilolijua bila ya kuongozwa kutoka kijiji hadi kijiji na watu wanaolijua. Njia ilikuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni ndani yake. Babu aliipita sehemu yake kwa ajili ya kodi, na mimi nikaipita kwa ajili ya Babu.

Magofu yenyewe yako karibu kilomita 30 kutoka mjini Masvingo. Nilifika asubuhi pamoja na vijana wa Kizungu watatu wenye mashanta makubwa na kitabu cha mwongozo wa wasafiri. Tukaingia kwa kupitia bondeni, na ghafla ukuta ukasimama mbele yetu.

Msikilizaji, Babu hakuongeza chumvi. Ukuta wa nje wa ule ua mkubwa una mzingo wa mita 250 hivi, na mahali pengine unafika kimo cha mita 11. Ni mawe ya matale, yaliyokatwa kama matofali na kupangwa mstari juu ya mstari, na hakuna tone la udongo wala chokaa kati yake. Nilimuuliza mlinzi mawe yalikatwaje. Akanionyesha vilima vya jirani. Mwamba wa matale unapochomwa na jua mchana na kupoa usiku hubanduka wenyewe kwa matabaka, kama maganda ya kitunguu. Fundi akiongeza moto na maji, tabaka hupasuka, na kazi inayobaki ni kulichonga jiwe kwa kipimo. Ukuta ni mpana chini na hupungua kadiri unavyopanda, ndiyo maana haulali. Ndani kuna mnara wa duara, wenye kimo cha mita 10 hivi, ambao watafuta hazina walichimba chini yake wakitumaini dhahabu. Waliukuta umejaa mawe matupu tangu ndani hadi nje. Na juu ya kilima cha pili, kwenye majabali makubwa, kuna kuta nyingine zilizounganishwa na miamba kwa ustadi ambao sijui niufananishe na nini.

Sasa tuje kwenye neno. Nani alipaita hekalu?

Katika Septemba 1871 alifika pale Mjerumani mmoja, Karl Mauch. Alikuwa ameshaamini kabla hajafika kwamba atakuta mji wa dhahabu wa Biblia. Akakata kibanzi cha mti kutoka kwenye kizingiti cha mlango, akakilinganisha na mti wa kalamu yake ya risasi, akaona vinafanana rangi na harufu. Kalamu ilitengenezwa kwa mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Kwa hiyo, alisema, mbao hizi zililetwa na Wafoinike, na aliyeagiza jengo hili ni Malkia wa Sheba. Jengo la kilimani akalifananisha na hekalu la Mfalme Sulemani, na lile la bondeni na jumba alilofikia malkia huko Yerusalemu. Yote hayo yalitoka kwenye kalamu moja! Na wenyeji walikuwa wanaishi palepale. Ule mti ulikuwa mti wa porini wa nchi ileile.

Baada ya Mauch wakaja wakubwa zaidi. Mwaka 1889 mwindaji mmoja, Willi Posselt, alimchukua mmoja wa ndege wa mawe waliokuwa wamesimama kilimani, waliochongwa kwa jiwe laini, akamuuzia Cecil Rhodes, na Rhodes akamweka nyumbani kwake Cape Town. Mwaka 1891 Theodore Bent akachimba kwa msaada wa kampuni ya Rhodes. Vitu alivyovipata vingi vilikuwa vya Kiafrika, na bado akaandika kwamba wajenzi walitoka Arabuni. Mwaka 1895 ikaundwa hata kampuni ya kuchimba dhahabu katika magofu mengine ya nchi ile, na makaburi ya watu wakubwa yakafukuliwa. Wazungu wakaliita lile ua la bondeni Hekalu, na kile kilima wakakiita Akropoli, kama kile cha Athens. Ukisikia majina hayo tu, bila kufika, utajua wajenzi ni Wayahudi na Wagiriki. Hiyo ndiyo kazi ya jina.

Kwa nini ilikuwa muhimu sana kwao? Rhodes alikuwa ananyang'anya nchi. Ikiwa kuta zile zilijengwa na watu weupe wa zamani, basi mwenye mali amerudi kuchukua kilicho chake. Ikiwa zilijengwa na baba zao Washona, basi aliyekuja ni mwizi. Kila jiwe pale lilikuwa shahidi katika kesi ya ardhi.

Lililonihuzunisha zaidi ni habari za Richard Hall, mtunzaji aliyewekwa pale kati ya 1902 na 1904. Yeye aliona kwamba tabaka la juu, lenye vigae, majivu, mifupa ya ng'ombe na sakafu za udongo za Waafrika, ni uchafu unaoufunika ukweli. Akauzoa, akautupa. Alikuwa anatafuta hekalu, na katika kulitafuta akaitupa nyumba. Wataalamu waliokuja baadaye walilia, kwa sababu mtaalamu wa mambo ya kale husoma tabaka kama sisi tunavyosoma kurasa, na Hall alikuwa amezichana.

Hata hivyo haikuwezekana kuzichana zote. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba pale Hall hakufika, akasema wazi kwamba kazi hii ni ya Waafrika na si ya kale kama ilivyodaiwa. Walowezi wakachukia. Mwaka 1929 akatumwa mwanamke Mwingereza, Gertrude Caton-Thompson, pamoja na wenzake wawili, wanawake pia. Akarudi na jibu lilelile. Baadaye vipimo vya kisasa vikathibitisha: kuta zilijengwa na mababu wa Washona kati ya karne ya 11 na ya 15, na mji ulikuwa na maelfu ya watu, ng'ombe wengi, na biashara ya dhahabu.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipokaa juu ya jiwe nikashika tama. Peter Garlake alikuwa mkaguzi wa mambo ya kale wa Rhodesia. Enzi za Ian Smith wakubwa walitaka maelezo rasmi yasitamke kwamba Waafrika ndio waliojenga. Garlake alikataa kuuficha ukweli, akaacha kazi na kuondoka nchini mwaka 1970. Mwaka uleule wa 1970, mtoto wa darasa la sita pale Mbesa, katika nchi iliyokwisha kujitawala, alikuwa anamnyamazisha babu yake kwa kitabu. Garlake aliyatetea maneno ya Babu pasipo kumjua. Mimi niliyemjua niliyakana.

Na uhusiano hauishii hapo. Kabla ya kushika kazi hiyo, Garlake alikuwa kwetu pwani, na mwaka 1966 alitoa kitabu juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki. Alikuwa amezipima kuta za Kilwa kabla ya zile za Zimbabwe. Kisha mwaka 1972 ikatangazwa kwamba katika magofu ya Zimbabwe imepatikana sarafu ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyo ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na ndiye aliyekuwa anatawala Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa mwaka 1331. Ibn Battuta alisikia habari za Sofala, na unga wa dhahabu ulioletwa huko kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima. Dhahabu ya Zimbabwe ikashuka Sofala, ikapanda majahazi mpaka Kilwa, na shanga, vitambaa na vyombo vya China vikarudi bara. Kwa hiyo mtu wa kusini ya Tanzania anapofika Zimbabwe Kuu asijione mgeni kabisa. Sarafu ya kwao ilimtangulia kwa karne sita.

Ni haki niseme pia kwamba Kilwa nayo iliandikwa hivyohivyo. Kwa muda mrefu wasomi walieleza miji yetu ya pwani kana kwamba ilishuka nzima kutoka Shirazi, misikiti na watu wake. Machimbo yameonyesha vijiji vya wenyeji, vya miti na udongo, chini ya mawe. Lakini tusiruke upande wa pili tukaanguka. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, na ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiajemi kwa upande wa mababu wa kiume na ya Kiafrika kwa upande wa mababu wa kike. Kumbe wanaosimulia habari za Washirazi hawakuwa waongo, na wanaosema mji ni wetu hawakuwa waongo. Anayekosea ni yule anayemfuta mmoja wao.

Nami nilitaka kutenda kosa hilo palepale kilimani. Nilikuwa nimeshajaa ushindi. Nikamwambia mama mmoja aliyekuwa akiuza vikapu karibu na lango, kwa Kinyanja changu cha kubahatisha, kwamba babu yangu alikuwa sahihi: hii ni nyumba, na mambo ya hekalu ni uongo wa Wazungu. Yule mama alicheka taratibu. Akasema ndiyo, ni nyumba. Jina lenyewe ni nyumba: kwao nyumba ni imba, zikiwa nyingi ni dzimba, na mabwe ni mawe. Dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Ua lile kubwa hulitaja kama Imba Huru, yaani nyumba kubwa. Na wapo wanaosema jina linatokana na dzimba woye, nyumba zinazoheshimiwa. Kwa maelezo yote mawili, nyumba inabaki nyumba.

"Lakini," akasema, "kule juu watu walikuwa wanaomba." Akanyoosha kidole kilimani, ambako ndege wa mawe walikuwa wamesimama. Wazee walizungumza na mizimu huko, na kwa njia ya mizimu na Mwari, ambaye ndiye Mungu. Kisha wakaja wenye kuchimba, na baada yao wenye tiketi, ukawekwa uzio, na wazee wakaambiwa matambiko yao hayana ruhusa. Baadaye nilisoma kwamba koo za Nemanwa, Charumbira na Mugabe zimebishana kwa muda mrefu juu ya nani mwenye haki ya kupatunza, na kwamba wote wanalalamika kuwa wataalamu, hata wale wema, huhesabu mawe na kuwasahau wao.

Basi palikuwa mahali pa ibada. Neno hekalu halikuwa uongo mtupu. Uongo ulikuwa kwamba waliosali pale walikuwa watu wengine. Nikalikumbuka swali la Babu, nikaona lilikuwa linanihusu mimi pia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekuja na jibu langu mkononi, kama Mauch na kalamu yake, nikitafuta kibanzi cha kufanana nalo.

Angalia Babu alivyolijua jambo hili. Hakusoma kitabu, hakupima ukuta. Alifanya kazi na watu wa nchi ile miaka tisa, akala nao, akasikia wanapataja mahali kwa jina, na neno lao lilikuwa jirani wa neno lake. Alisikiliza, basi. Elimu yote iliyokuja na majembe na vipimo ilichukua zaidi ya nusu karne kufika mahali ambapo mfanyakazi wa mgodini alifika kwa masikio.

Mwaka 1981 Afrika ya Kusini ilirudisha ndege kadhaa wa mawe, na mwaka 2003 Ujerumani ikarudisha kipande cha mmoja aliyefika Berlin. Mwaka 1986 magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, miaka mitano baada ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ndege yumo katika bendera ya Zimbabwe tangu uhuru wa 1980. Hayo ni mambo mema, na waliyoyapigania wanastahili shukrani. Lakini mawe yanaweza kurudishwa kwa meli. Tabaka alilolitupa Hall halirudi. Na hadithi ya mzee aliyenyamazishwa hairudi.

Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mti wa msolo nyuma ya kijiji chetu, ambapo wazee walimwaga unga na kuomba mvua. Sisi wasomi wadogo tuliupita tukiona haya. Ulipokatwa sikumbuki hata mwaka. Hakuna aliyeandika nani alisimama pale, akasema nini, na kwa nini pale na si kwingine. Hatukuhitaji Mzungu wa kuzoa tabaka letu. Tulizoa wenyewe, tukidhani ni taka. Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza uko mjini, mwenye mzee kijijini, usiniombe nikushauri uende Zimbabwe. Nauli hiyo itumie kwenda kumuuliza jambo moja, ukae kimya mpaka amalize.

Nilirudi Mbesa baada ya wiki saba, nimekonda, viatu vimekwisha. Sikuleta jiwe, maana si langu. Mama alikuwa anapeta mpunga uani. Yeye alikuwapo barazani siku ile ya kitabu, ingawa katika miaka 26 hakuwahi kunikumbusha. Hakuniuliza habari za njia wala za Wazungu. Aliweka ungo chini, akaniuliza: "Uliikuta nyumba ya baba?"

Nikamwambia, "Niliikuta, Mama. Ipo."

Akauchukua ungo wake, akaendelea kupeta. Jioni, wazee walipokusanyika, aliniita akaniambia nirudie, kwa sauti, mbele yao. Nami nikarudia, tangu mtumbwi mpaka ukuta.